GIMP na picha za nyeusi na nyeupe: tathmini kutoka Mtwara

GIMP ni programu ya kuhariri picha inayotolewa bure, na kwa kazi ya kuzitia rangi picha za nyeusi na nyeupe ndiyo ninayoitumia kuliko nyingine zote katika chumba changu cha kazi hapa Mtwara mjini. Tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu. Sitazungumzia mabango ya harusi, kadi za mchango wala picha za pasipoti, ingawa GIMP huyafanya hayo yote na ndiyo yanayolipa kodi ya chumba. Wateja wa picha za zamani ni watu wa namna nyingine: mmoja huja na picha ya baba yake aliyekuwa kuli bandarini, mwingine na ya bibi yake akiwa mwali Mikindani, mwingine na ya babu yake aliyesimama kando ya trekta Nachingwea wakati wa Mpango wa Karanga wa Waingereza, ule ulioanza mwaka 1947 ukafutwa mwaka 1951. Wote wanataka kumwona mtu wao jinsi alivyokuwa. Hukumu yangu naitoa mapema: GIMP ni ngumu kujifunza, ni ya polepole, na haina kitufe cha kubonyeza mara moja rangi zikajaa zenyewe, lakini ndiyo inayomwezesha mpakaji wa rangi kujibu swali kuhusu kila rangi aliyoiweka, na kwa picha za huku kwetu hilo nalithamini kuliko kasi.

Historia yake si ndefu. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka uliofuata, na tangu hapo imekuwa ikiendelezwa na watu wa kujitolea. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Ukishaipakua haikudai intaneti tena, jambo ambalo mtu anayenunua bando kwa kipimo hawezi kulidharau, na picha ya familia ya mteja haitoki kwenye kompyuta yako kwenda kwenye seva ya mtu usiyemjua. Kompyuta yenye memori ya gigabaiti 8 inatosha kabisa kwa picha za ukubwa wa kawaida.

Kazi yenyewe huanzia kwenye skana. Picha iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, au zaidi ikiwa ni ndogo kama zile za vitambulisho, ihifadhiwe kama TIFF, muundo wa faili usiopoteza undani wa picha, badala ya JPEG, na iskaniwe kwa rangi hata kama haina rangi yoyote. Wengi hulishangaa sharti hili la mwisho, lakini lina sababu. Unyevu wa pwani huacha madoa ya manjano na kahawia kwenye karatasi, na madoa hayo huonekana sana kwenye chaneli ya bluu, yaani sehemu ya picha inayobeba bluu peke yake, lakini hufifia, pengine hata kutoweka, kwenye chaneli nyekundu. GIMP ina amri ya kuigawa picha katika chaneli zake tatu. Ukibaki na ile nyekundu peke yake, sehemu kubwa ya usafi imekwisha kabla hujashika zana ya kuponya mikwaruzo. Picha iliyogandana na kioo cha fremu isibanduliwe, maana uso wa mtu utabaki kwenye kioo. Iskaniwe humo humo, kioo kikiwa kimefutwa vizuri.

Baada ya usafi, picha ihamishwe kutoka modi ya kijivu kwenda modi ya RGB, yaani ya nyekundu, kijani na bluu. Hatua hii ni fupi lakini huwakwamisha wanaoanza kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu katika modi ya kijivu unaweza kuchagua nyekundu kali, ukapitisha brashi, na brashi ikaacha kijivu kitupu bila programu kukueleza kwa nini. Kisha huongezwa matabaka (layers), mfano wa karatasi angavu zilizopangwa juu ya picha: moja la ngozi, moja la kila nguo, moja la ardhi, moja la ukuta au majani. Kila tabaka hupewa modi ya kuchanganyika inayochukua rangi na ukolevu wake tu, huku mwanga na kivuli vikibaki vile vile vya picha iliyo chini. GIMP imekuwa na modi ya namna hii kwa miaka mingi, ile ya HSL, lakini toleo la 2.10 la mwaka 2018 lilileta nyingine iitwayo LCh ambayo kwa kazi hii ni bora zaidi. Ile ya zamani hupima mwanga kwa hesabu isiyolingana na macho ya binadamu, kiasi kwamba ukipaka njano sehemu huonekana imepata mwanga na ukipaka bluu huonekana imeingia kivulini. Ya LCh hupima mwanga kama jicho linavyouona, na mikunjo ya nguo hubaki mahali pake. Anayetumia mafunzo ya zamani ya mtandaoni ataelekezwa kwenye HSL. Apuuze.

Ngozi ndiyo inayompima mpakaji wa rangi. Rangi moja ya kahawia iliyotandazwa uso mzima humfanya mtu aonekane kama sanamu iliyotoka kupakwa vanishi, kwa sababu ngozi haina rangi moja: masikioni, midomoni na kwenye viganja damu iko karibu na wekundu huongezeka, kwenye paji la uso lililoelekea juu mwanga wa anga hutia ubluu kidogo, chini ya kidevu mchanga mweupe wa Shangani hurudisha mwanga ambao udongo mwekundu wa njia za Newala ungeurudisha kwa rangi nyingine. Weupe wa macho na meno usiwe mweupe wa karatasi. Mimi hutumia matabaka matatu kwa uso mmoja, kila moja likiwa hafifu, na brashi pana yenye kingo laini. Hapa GIMP inafanya vizuri sana, kwa kuwa maski ya tabaka, yaani kifuniko kinachoficha au kuonyesha sehemu zake, hukuwezesha kufuta na kurudisha bila kuharibu chochote, na toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeongeza uwezo wa kuweka vichujio juu ya tabaka na kuvirekebisha baadaye bila kurudia kazi.

Hata hivyo kuna jambo linalokuja kabla ya rangi ya ngozi, nalo ni filamu yenyewe. Filamu nyingi za zamani, pamoja na bamba za kioo, hazikuhisi mwanga mwekundu. Hizo huitwa othokromatiki, na zile zinazohisi rangi zote huitwa pankromatiki. Mabadiliko hayakuja siku moja: Verichrome ya Kodak, filamu ya watu wa kawaida iliyouzwa tangu mwaka 1931, ilikuwa othokromatiki hadi mwaka 1956 ilipopokewa na Verichrome Pan. Kwa filamu ya namna ile, nyekundu hutoka karibu na nyeusi, bluu hutoka karibu na nyeupe, anga hupotea, na ngozi ya Mwafrika, ambayo hurudisha wekundu zaidi kuliko bluu, hutoka nyeusi kuliko alivyokuwa mwenyewe. Wazee wengi wanaoonekana kwenye picha za miaka ya 1930 na 1940 kama vivuli vyenye macho hawakuwa weusi kiasi hicho. Sasa, kama tabaka la rangi halibadilishi mwanga wa picha, kuipaka kahawia ngozi iliyotiwa giza na filamu huzaa kahawia ya matope. Dawa yake ni kuchagua ngozi kwanza, kuinua mwanga wake kwa zana ya mikunjo (Curves), kidogo kidogo, huku ukitazama kama alama za uso zinafunguka, na baada ya hapo ndipo upake. Zana ya mikunjo ya GIMP hufanya hivyo kwa eneo ulilolichagua peke yake, nami naihesabu kuwa sifa yake kubwa kuliko brashi zote.

Nieleze picha moja kwa karibu. Mama mmoja alikuja na bibi yake, mtu wa Mikindani, pamoja na picha ya harusi ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndogo, imekatika pembe moja. Mama huyo alikuwa amekwisha kuipitisha kwenye programu ya simu inayopaka rangi yenyewe, akamwonyesha bibi matokeo hapo hapo mezani kwangu. Bibi aliisogeza simu mbali na macho, akaitazama, kisha akasema, "Mwanangu, mbona wamenivika kaniki siku ya harusi? Hiki kilikuwa kisutu." Alikuwa na haki ya kuudhika. Kisutu ni kanga ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwenye picha ile wekundu na weusi vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja cheusi, kilichobaki kikiwa ni vidoa vyeupe tu. Programu iliona nguo nyeusi yenye vidoa, ikaipaka weusi wenye ubluu.

Kwenye GIMP niliizungushia nguo njia kwa zana ya kuchora njia, nikaigeuza kuwa maski, nikainua mwanga wa sehemu za giza hadi tofauti ndogo sana kati ya wekundu na weusi ilipoanza kuonekana kwenye mikunjo iliyopigwa na jua. Kisutu bado kinachapishwa na kuuzwa, kwa hiyo halikuwa jambo gumu kukipata dukani, kukitandika nje kivulini na kukipiga picha, halafu kuuchukua wekundu wake kwa zana ya kuchukulia rangi. Mahali ambapo mpaka kati ya rangi mbili ulionekana, niliufuata. Mahali ambapo filamu ilikuwa imeumeza kabisa, niliacha wekundu wa giza usio na mapambo, ingawa ningeweza kunakili mapambo kutoka kwenye kanga mpya na kuyabandika. Kubandika vile si kupaka rangi tena, ni kuchora picha nyingine, na mteja hakuwa ameomba picha nyingine. Bibi aliulizwa pia kuhusu ukuta uliokuwa nyuma yake. Akasema ulikuwa wa chokaa, lakini chini kote mvua ilikuwa imerusha udongo. Ukanda huo wa udongo ulikuwa kwenye picha, ila mimi nilikuwa nimeuona kama kivuli.

Programu zinazopaka zenyewe sizidharau, na inafaa kueleza zinavyofanya kazi ili zisilaumiwe kwa jambo zisiloliweza. Nyingi hufuata njia iliyoelezwa, miongoni mwa wengine, na watafiti Richard Zhang, Phillip Isola na Alexei Efros mwaka 2016: picha huwekwa katika mfumo wa rangi uitwao Lab, wenye chaneli moja ya mwanga na mbili za rangi, kompyuta hupewa picha za rangi zaidi ya milioni moja zilizoondolewa rangi, ikajifunza kukisia chaneli mbili kutokana na ile moja. Mwaka 2018 Jason Antic alitoa DeOldify, mwaka 2020 tovuti ya nasaba ya MyHeritage ikaweka huduma iliyojengwa juu yake, na mwaka huo huo Photoshop ikapata kichujio chake cha kupaka rangi ndani ya vichujio vyake vya akili bandia (Neural Filters). Photoshop hulipiwa kila mwezi, na kwa studio ndogo gharama hiyo ni ya kufikiriwa mara mbili.

Kinachofuata kutokana na njia hiyo ni mambo mawili. La kwanza, kitu kinachojulikana kwa umbo lake hupakwa vizuri: majani, anga, bahari, nyasi, uso. Minazi ya ghuba ya Mikindani na mikorosho ya Tandahimba hutoka kijani bila shida. Nguo haina umbo linaloieleza rangi yake, kwa hiyo programu hukisia, na isipokuwa na uhakika huelekea katikati ya makisio yote, ambako ni kahawia iliyofifia au bluu ya kuchosha. La pili ni zito zaidi na husemwa mara chache: kwa kuwa chaneli ya mwanga huachwa kama ilivyo, upungufu wa filamu hurithiwa wote. Programu ikipewa ngozi iliyotiwa giza na filamu ya othokromatiki, itaipaka rangi juu ya giza lile lile. Haijui kwamba filamu ilidanganya.

Mfano mzuri wa kile ambacho mashine haiwezi kukijua ni bendera. Picha za sherehe za uhuru wa Desemba 1961 na miaka miwili iliyofuata zipo katika nyumba nyingi za Lindi na Mtwara, na bendera inayoonekana humo ni ya Tanganyika: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari myembamba ya manjano kati yake. Bluu ilikuja mwaka 1964 baada ya Muungano. Kwenye picha, kijani na nyeusi hukaribiana kwa kijivu kiasi kwamba jicho lisilojua huona kitambaa kimoja cheusi chenye mistari miwili ya mwanga. Anayejua tarehe ya picha huipaka bendera hiyo bila kumuuliza mtu, na anayeona bluu kwenye picha iliyopakwa ya mwaka 1962 anajua hapo hapo kwamba mpakaji hakuuliza wala hakusoma.

Kwa hiyo sasa nazichanganya njia mbili. Matokeo ya programu inayopaka yenyewe nayaingiza GIMP kama tabaka la modi ya LCh juu ya picha niliyokwisha kuirekebisha mwanga, kisha kwa maski nafuta kila kitu ambacho mashine haikuwa na msingi wa kukijua: nguo, bendera, rangi ya mlango, udongo. Majani na anga huachwa. Nguo hupakwa kwa ushahidi, na ushahidi huja kwa kuuliza: nani bado yuko hai aliyeiona nguo ile, je, kipande chake kipo kwenye sanduku, sare ilikuwa ya shule gani na ya mwaka gani. Mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko upakaji, na si kila mteja ana subira nayo.

Picha zisizo na shahidi yeyote ni suala jingine. Wapo wanaoniletea nakala za picha za uchimbaji wa mifupa ya dinosaria Tendaguru, uliofanywa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, wakitaka wapagazi waliobeba mifupa hadi Lindi watiwe rangi. Udongo na mimea naweza kuvipaka kwa kuvitazama vyenyewe, kwa kuwa kilima bado kipo. Nguo za wapagazi siwezi, na katika picha hizo huziacha na wekundu kidogo tu wa vumbi, nikimwambia mteja kwa nini. Baadhi huenda kwa mtu mwingine atakayewapa mashati ya bluu.

Sasa kasoro za GIMP. Mpangilio wake wa zana humchosha mgeni: amri moja iko kwenye menyu, nyingine kwenye kidirisha cha pembeni, na jina la modi lenye herufi tatu halimwambii mtu chochote. Amri ya kuhifadhi huhifadhi kwa muundo wa XCF pekee, wenye matabaka yote, na anayetaka JPEG ya kumtumia mteja kwa WhatsApp hana budi kutumia amri tofauti ya kuhamisha; wanafunzi wangu wote hulalamika juu ya hili mwanzoni, nami nadhani wana haki nusu, kwa maana utaratibu huo pia ndio uliowaokoa na kupoteza matabaka yao. Kuchora kwa kipanya ni kazi ya jasho, na bamba la kuchorea lenye kalamu, hata la bei ya chini, hubadilisha kabisa kasi ya kazi kwenye nyuso. Hakuna toleo rasmi la simu za Android, na kwa mji ambao vijana wengi kompyuta yao ni simu, hilo ni pungufu kubwa. Kuhusu uchapaji sina mengi: rangi ya skrini na ya karatasi hazilingani, kwa hiyo kipande kidogo kichapwe cha majaribio kabla ya picha kubwa, hasa ngozi, ambayo printa nyingi huielekeza kwenye wekundu.

Kwa mtu mwenye picha moja ya kumpendezesha mama yake siku ya Idi, sitamshauri GIMP. Atumie programu ya simu, na akiona nguo si yake acheke naye. Kwa studio inayochukua fedha za watu, au kijana anayekusudia kuifanya kazi hii kwa familia yake nzima, naishauri bila kusita. Nakala ya picha bila rangi irudishwe pamoja na yenye rangi, na nyuma ya ile yenye rangi iandikwe kwa penseli rangi zipi zilithibitishwa na nani katika ukoo na zipi zilikisiwa.

Kuhusu toleo la kuchagua, mwenye Windows 10 au zaidi achukue 3.0 au jipya zaidi, kwa ajili ya vile vichujio vinavyorekebishika. Mwenye kompyuta ya Windows 7, na bado ziko nyingi madukani, abaki na 2.10, ambayo kwa upakaji wa rangi ina karibu kila kitu nilichokieleza hapa, modi ya LCh ikiwemo. Wawili wanaofanya kazi pamoja watumie toleo moja, kwa sababu faili la XCF lililotengenezwa kwa mambo mapya ya 3.0 laweza kukataa kufunguka kwenye 2.10.